Volti zikishuka, ampia za jiko hupanda au hushuka?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimenunua jiko la umeme la koili moja, nyuma limeandikwa 230V 2000W. Asubuhi linachemsha haraka, usiku linasinzia. Kaka yangu ana klampu mita. Tulipima saa mbili usiku tukapata volti 195 na ampia 7.4, kesho yake asubuhi tukapata volti 228 na ampia 8.6. Muuzaji anasema haiwezekani: volti zikishuka ampia lazima zipande ili wati zibaki 2000, kwa hiyo ama jiko ni bovu ama mita yetu inadanganya. Tukapima omu za jiko likiwa baridi, multimita ikasoma 25.6. Balbu ya zamani ya wati 60 ikasoma omu 66. Friji inavuta ampia 1.1 lakini omu zake ni 12 tu. Hesabu za darasani zinanipa majibu mengine kabisa. Nani yuko sahihi? Na ninunue stebilaiza? (Msomaji wa Morogoro)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jiko lako ni zima na mita yenu haidanganyi. Muuzaji ameshika kanuni iliyo kweli kwa aina nyingine ya vifaa, akaileta kwenye jiko ambako haina kazi. Umenisaidia sana kwa kupima volti na ampia kwa wakati mmoja, tena mara mbili, kwa nyakati mbili tofauti. Vipimo vya namna hiyo vinatosha kumaliza ubishi bila kuagiza kifaa kingine chochote.

Ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia mkondo, hupimwa kwa omu na hupatikana kwa kugawanya volti kwa ampia. Tufanye hivyo kwa vipimo vyako vyote viwili, kisha kwa kibandiko cha nyuma ya jiko. Kibandiko hakikuandika ampia, lakini wati 2000 ukizigawanya kwa volti 230 unapata ampia 8.7, na kutoka hapo unaendelea.

Usiku: 195 ÷ 7.4 = omu 26.4
Asubuhi: 228 ÷ 8.6 = omu 26.5
Kibandiko: 230 ÷ 8.7 = omu 26.4

Volti zimetofautiana kwa 33, ampia zimetofautiana kwa zaidi ya moja, na bado jibu la mgawanyo halikusogea. Hiyo omu 26 na ushei ndiyo jiko lako lenyewe. Imetokana na urefu wa waya uliomo ndani ya koili, unene wake na madini yaliyotumika, na hakuna anayeweza kuibadili kutoka kituo cha kupozea umeme. Wati ni jambo jingine. Wati si mali ya jiko. Ni matokeo ya jiko kukutana na volti zilizopo kwa saa hiyo. Mtengenezaji alipoandika 2000W alimaanisha wati 2000 ukilipa volti 230, na ndiyo maana namba hizo mbili huandikwa pamoja. Namba ya wati isiyo na volti zake imekatwa nusu.

Sasa wati zenyewe. Zidisha volti kwa ampia:

Usiku: 195 × 7.4 = wati 1,443
Asubuhi: 228 × 8.6 = wati 1,961

Kusinzia kwa jiko lako ni huko. Volti zikishuka, msukumo unaosukuma mkondo ndani ya koili umepungua, na kwa kuwa ukinzani ni uleule, ampia nazo hupungua kwa kiwango hichohicho. Wati ni zao la hizo mbili, kwa hiyo zinapigwa mara mbili. Volti 195 ni asilimia 85 ya 230. Ampia nazo zikawa asilimia 85 ya zile za kibandiko. Asilimia 85 ya asilimia 85 ni kama 72. Volti zimepungua kwa asilimia 15, joto limepungua kwa asilimia 28. Chukua lita mbili za maji yenye nyuzi 25 uyafikishe nyuzi 100: yanahitaji juli 628,000 hivi. Kwa wati 2000 ni dakika tano na robo, kwa wati 1,443 ni dakika saba na robo, hapo sijahesabu joto linalopotea hewani na kwenye sufuria. Upotevu huo ukiuingiza, pengo linaongezeka zaidi, maana sufuria inayochelewa kuchemka inapoteza joto kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo anayesema umeme mdogo unaokoa yuniti za LUKU hajapiga hesabu kwa sufuria. Kwa saa moja jiko linakula kidogo, sawa, lakini kwa kila chungu cha maharage unachoivisha unatumia yuniti zilezile, au zaidi kidogo.

Turudi kwa muuzaji. Ili jiko libaki na wati 2000 kwa volti 195, lingepaswa kuvuta ampia 10.3. Gawanya 195 kwa 10.3 upate omu 19. Yaani koili ingepaswa kujipunguzia ukinzani kutoka 26 hadi 19 kwa sababu tu jua limezama. Waya wa koili hauna namna ya kufanya hivyo. Lakini vipo vifaa vinavyofanya karibu hivyo, na huko ndiko alikoisikia kanuni yake: chaja ya simu, televisheni za siku hizi, kompyuta. Ndani yake mna sakiti inayojirekebisha ili itoe kiasi kilekile cha umeme upande wa pili, ndiyo maana chaja imeandikwa 100-240V. Ukiipa volti pungufu, inavuta ampia zaidi. Mota ya pampu inayosukuma maji nayo ina tabia ya kukaribia hiyo. Kitu kinachogeuza umeme kuwa joto moja kwa moja, yaani pasi, jiko la koili, hita ya maji, birika la umeme, hakina.

Umesema hesabu za darasani zinakupa majibu mengine. Nadhani tatizo ni jinsi zinavyofundishwa: mwanafunzi anapewa kanuni nyingi ndani ya duara moja, anazikariri zote, kisha anachagua yoyote. Zinazohitajika ni mbili tu. Volti ni ampia mara omu, na wati ni volti mara ampia:

V = I × R
P = V × I

Mahali pa V kwenye kanuni ya pili weka I × R, utapata P = I × I × R. Mahali pa I weka V ÷ R, utapata P = V × V ÷ R. Zote nne ni jambo moja lililosemwa kwa njia tofauti, na zote zinadai sharti moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka: V na I ziwe za kitu kilekile, kati ya ncha zake mbili, kwa wakati uleule. Ukichanganya volti za kibandiko na ampia za usiku, 230 × 7.4, unapata wati 1,702 ambazo hazikuwahi kuwepo asubuhi wala usiku. Nimeona vijana wengi wakikwama hapo hasa, na hata mafundi wenye uzoefu.

Georg Simon Ohm mwenyewe, Mjerumani ambaye omu imepewa jina lake, alisumbuliwa na jambo linalofanana na lako. Alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne, na betri za wakati ule zilikuwa zikishuka nguvu huku akipima, hivyo akipima waya wa kwanza na wa pili, chanzo kimeshabadilika. Akaacha betri, akatumia maungio ya metali mbili, bismathi na shaba, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na upande wa pili kwenye barafu. Joto la maji yanayochemka na la barafu halitetereki, kwa hiyo msukumo wake ulitulia. Kanuni ya volti, ampia na omu ikaonekana mwaka 1826, kitabu chake kikatoka mwaka 1827. Wewe huwezi kuutuliza umeme wa saa mbili usiku, lakini kwa kupima volti na ampia kwa pamoja umelikwepa tatizo hilohilo kwa njia nyingine. Hesabu ya joto, ampia mara ampia mara omu, ilipatikana baadaye na Mwingereza James Prescott Joule, aliyeichapisha mwaka 1841 baada ya kuzamisha waya ndani ya maji na kupima jinsi yanavyopata moto.

Sasa omu 25.6 za jiko baridi. Kwanza gusanisha ncha mbili za multimita zenyewe kwa zenyewe uone inasoma nini. Waya za multimita nazo zina ukinzani, na mara nyingi utaona 0.3 au 0.4. Toa hiyo. Tuseme imebaki 25.2. Likiwa jekundu tumepata 26.4, yaani imepanda kwa asilimia tano hivi. Hiyo ni kawaida kabisa kwa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu unaotumika kwenye koili nyingi. Ulichaguliwa kwa kazi hiyo kwa sababu unavumilia kuwa mwekundu bila kuungua, na faida nyingine ni kwamba ukinzani wake haubadiliki sana unapopata moto.

Balbu ndiyo inayoshangaza. Wati 60 kwa volti 230: ampia ni 0.26, na omu ni 230 ÷ 0.26, karibu 880. Multimita imesoma 66. Zote mbili ni kweli. Nyuzi ya balbu ya zamani, yaani ule waya mwembamba unaowaka, ni tangsteni, na ikiwaka inafika nyuzijoto 2,500 hivi. Metali nyingi huongeza ukinzani zinapopata moto, na kwa mwendo mrefu kiasi hicho tangsteni huufikisha zaidi ya mara kumi ya ule wa baridi. Multimita inapima kwa kabetri kake kadogo, mkondo mdogo mno, nyuzi ikiwa baridi kama chumba. Inakueleza ukweli wa balbu iliyozimwa. Hesabu ya kibandiko inakueleza ukweli wa balbu inayowaka. Na hizo omu 66 zina maana yake: unapobonyeza swichi, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde balbu inaweza kuvuta hadi ampia 3 na nusu, kabla nyuzi haijapata moto na mkondo kushuka hadi 0.26. Ndiyo maana balbu hizi hupenda kukatika wakati wa kuwashwa.

Kwa hiyo kupima omu za kitu kilichozimwa ili ujue wati zake kunafaa kwa koili, pasi na elementi ya birika, ukikubali tofauti ya asilimia chache. Kwa balbu ya nyuzi hakufai. Kwa taa za LED, chaja na televisheni hakufai hata kidogo, maana utakuwa unapima sakiti iliyolala. Faida nyingine ya kipimo hiki kwenye jiko: jiko likiwa limechomolewa, pima kati ya mguu wa ethi wa plagi na kila mmoja wa miguu miwili mingine. Isisome kitu. Ikisoma omu chache, koili imegusa bati, na jiko hilo usilichomeke hadi fundi alione. Na kamwe usipime omu kwenye kitu kilichochomekwa. Utaua multimita, na pengine si multimita peke yake.

Friji yako sasa. Ampia 1.1 kwa volti 228, ukigawanya ni omu 207. Multimita imesoma 12. Ukichukua omu 12 ukagawanya 228 kwazo unapata ampia 19, mkondo ulio mbali kabisa na ile 1.1 mliyopima. Jibu liko kwenye aina ya umeme tunaotumia. Mkondo wa TANESCO unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ndani ya kompresa mna waya mrefu wa shaba uliosokotwa kuzunguka chuma, na kila mkondo unapobadilika, waya uliosokotwa hivyo huzalisha volti zake zinazopinga mabadiliko hayo. Mota ikizunguka, upinzani huo unakuwa mkubwa zaidi. Omu 12 za multimita ni ukinzani wa shaba peke yake. Omu 207 ni upinzani wote pamoja, na sehemu kubwa ya huo haigeuzi umeme kuwa joto. Unaukopa umeme na kuurudisha kwenye laini kila baada ya sehemu ndogo ya sekunde.

Kwa sababu hiyo, kwenye friji volti mara ampia hazikupi wati. 228 × 1.1 ni 251, lakini hizo ni volti-ampia. Wati ni ndogo zaidi, na uwiano kati ya hizo mbili mafundi huuita pawa fakta. Kwa kompresa ndogo ya nyumbani ikiwa 0.6, mathalani, wati ni 150 hivi. Mita ya LUKU inahesabu wati, haihesabu volti-ampia, kwa hiyo usipige bajeti ya yuniti za friji kwa kuzidisha namba za klampu mita, utajitisha bure. Jiko na pasi havina tatizo hili. Volti 195 unazosoma kwenye mita ni kipimo kilichopangwa makusudi ili kilingane na umeme wa betri wa volti 195 kwa joto linalotolewa, ingawa kwa kweli mawimbi yake yanapanda na kushuka kupita hapo. Ndiyo maana kanuni zile mbili zinafanya kazi kwenye koili bila kubadili kitu.

Neno kuhusu klampu mita, kwa kuwa najua wengi watajaribu baada ya kusoma hili. Taya za klampu zizungushwe kwenye waya mmoja tu, ama laivu ama nyutro. Ukibana kebo nzima ya jiko yenye waya zote ndani, itasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Kaka yako bila shaka amebana waya mmoja kwenye ubao wa breka, maana amepata namba zinazoeleweka. Kwa kitu kidogo kama balbu, ambapo klampu husoma 0.2 au 0.3 bila uhakika, pitisha waya huohuo ndani ya taya mara tano kisha gawanya ulichosoma kwa tano. Na kama jiko ni la sahani ya chuma yenye kidhibiti joto, pima wakati taa yake inawaka, la sivyo utapima jiko lililojizima lenyewe. Pia usiandike omu 26.351351 kwa sababu kikokotoo kimekuonyesha hivyo. Klampu ya kawaida inaweza kukosea kwa asilimia mbili au tatu. Omu 26 na nusu inatosha.

Kama bado muuzaji anaishuku klampu yenu, mita ya LUKU yenyewe itatoa ushahidi. Ina taa ndogo nyekundu inayomwekamweka, na karibu nayo kumeandikwa namba mbele ya imp/kWh. Ikiwa ni 1000, kila mmweko ni wati-saa moja. Zima kila kitu nyumbani, acha jiko peke yake, hesabu mimweko ya dakika moja. Wati 1,443 zinatoa mimweko 24. Jiko lenye wati 2000 lingetoa 33. Kama mita yako imeandikwa namba nyingine, gawanya 60,000 kwa namba hiyo, kisha zidisha kwa mimweko ya dakika moja, utapata wati. Hapo klampu haihusiki.

Nimefika mahali ambapo kanuni hizi zinaokoa nyumba, nitakaa hapa kidogo. Hukutaja ekstensheni, lakini jiko la wati 2000 mara nyingi huishia kwenye ekstensheni. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita moja ya urefu. Ekstensheni ya mita 10 ina mita 20 za shaba, kwenda na kurudi. Ikiwa ni nyembamba, ya 0.75, ukinzani wake ni 0.0172 × 20 ÷ 0.75, yaani omu 0.46. Ampia 8.6 zikipita:

Volti zinazobaki njiani: 8.6 × 0.46 = volti 4
Joto kwenye waya: 8.6 × 8.6 × 0.46 = wati 34

Hapa ndipo wengi wanapochukua V × V ÷ R wakaweka 230, wakapata zaidi ya kilowati 100 kwenye kijiwaya. Volti 230 si za waya. Ni za waya na jiko kwa pamoja. Za waya ni zile nne tu. Ukikosa volti za waya wenyewe, tumia ampia, maana mkondo unaopita kwenye waya ndio huohuo unaopita kwenye jiko.

Wati 34 zilizotawanyika kwenye mita 10 za waya ulionyooshwa si kitu. Waya huohuo ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake, joto linakosa pa kutokea. Na kibaya kuliko waya ni maungio. Soketi iliyolegea, ambayo mguu wa plagi unaingia kwa ulaini kupita kiasi, inaweza kuwa na nusu omu mahali pamoja padogo kama ukucha. Ampia 8.6 mara 8.6 mara 0.5 ni wati 37. Kisolda cha wati 40 kinayeyusha risasi. Plastiki ya soketi haina cha kujitetea. Chomoa jiko lako leo baada ya kupika nusu saa, zima swichi kwanza, kisha gusa miguu ya plagi kwa tahadhari na uikague. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto hata huwezi kuishika, au plastiki inayozunguka mguu mmoja imegeuka kahawia, badilisha soketi na plagi vyote viwili, kwa sababu iliyoungua huiharibu mpya. Fyuzi ndani ya plagi hiyo haiwezi kukulinda: fyuzi ya ampia 13 inaona ampia 8.6, inaona mambo shwari.

Stebilaiza kwa ajili ya jiko usinunue. Itakupa volti 230 upande wa jiko, kweli, na wati 2000 zitarudi. Lakini wati hizo lazima zitoke kwenye laini ileile yenye volti 195, kwa hiyo upande wa kuingilia itavuta ampia 10.3 na zaidi, kwa sababu nayo ina hasara zake. Hapo maneno ya muuzaji yanakuwa kweli, kwa gharama yako: ampia zinapanda, volti za laini zinashuka zaidi, na jirani yako anashuka pamoja nawe. Kwa friji ni tofauti. Nguvu ya mota ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volti kama wati za jiko, na kompresa ikishindwa kuanza inasimama huku inavuta ampia nyingi mara kadhaa ya kawaida, waya zake zinapata moto bila kuzunguka. Jiko lenye volti ndogo linachelewa tu. Friji inaweza kuungua. Fedha ya stebilaiza iweke huko, au angalau nunua kifaa cha kulinda friji kinachokata umeme volti zikipita mipaka.

Kwa jiko, tafuta kwanza volti zako zinapotelea wapi, na kanuni hiyohiyo itakuonyesha. Saa mbili usiku pima volti kwenye soketi jiko likiwa limezimwa, kisha liwashe upime tena. Tuseme limezimwa unapata 203, likiwashwa 195. Tofauti ni volti 8, ampia ni 7.4, na 8 ÷ 7.4 ni omu 1.1: huo ni ukinzani wa njia nzima, kutoka transfoma ya mtaa hadi soketi yako. Halafu fundi mwenye leseni ya EWURA arudie kipimo hichohicho kwenye breka kuu, mara tu umeme unapotoka kwenye mita. Usifungue ubao mwenyewe, na sanduku la mita lisiguswe kabisa. Akikuta pale volti zinashuka kwa 2 tu jiko linapowashwa, basi 6 nyingine zinapotea ndani ya nyumba yako, wati 44 kwenye waya mwembamba au kiungio kilicholegea, na hiyo ni kazi ya kufanywa wiki hii. Akikuta zote 8 zimepotea kabla ya mita, na kwamba hata jiko likizimwa laini ina 203 tu, nyumba yako haina kosa. Andika kwenye karatasi kwa siku kadhaa: tarehe, saa, volti jiko likiwa limezimwa, volti likiwa linawaka, na ampia. Karatasi hiyo ndiyo ya kupeleka ofisi ya TANESCO ya eneo lako, pamoja na namba yako ya mita.